Beatrice, Benedick na hii habari ya "wanagombana kwa kuwa wanapendana"

Jamani, kuna kauli imezoeleka mjini mpaka imekuwa kama sala. Mtu na mpenzi wake wakianza kurushiana maneno mbele za watu, akainuka mmoja kutaka kuamua, lazima atatokea wa kumrudisha kwenye kiti chake: "Waache hao, wanagombana kwa kuwa wanapendana." Meza nzima inacheka, vinywaji vinaendelea, mada inabadilika. Wanaoisema si wazee wa kijijini. Ni sisi wenyewe, wenye shahada zetu na simu zetu za bei mbaya.

Leo naomba niikague hii kauli, tena niikague kwa kupitia mahali ambapo imepata umaarufu mkubwa kuliko inavyostahili, yaani jukwaa la vichekesho la Waingereza. Najua wapo watakaoguna, "huyu kaanza tena na Shakespeare wake." Guneni tu. Lakini kila filamu ya mapenzi mliyowahi kuitazama, ile ambayo dada mjeuri na kaka mwenye majivuno wanaumbuana dakika ya kumi na kubusiana dakika ya tisini, babu yake mzaa babu ni yule bwana wa Stratford. Mwaka 2023 Hollywood walitoa Anyone But You, watu wakajaa majumba ya sinema, na kumbe ile ni Much Ado About Nothing iliyovishwa nguo za ufukweni na kupelekwa Australia. Tamthilia yenyewe ilichapwa mwaka 1600. Zaidi ya miaka 400, na bado inauza.

Kwa ambaye hajakutana nayo, hadithi ni hivi. Tuko Messina, kule Sicily. Vita imekwisha na wanajeshi wanarudi. Gavana wa mji, mzee Leonato, ana binti mmoja anaitwa Hero, na anakaa pia na mtoto wa ndugu yake, Beatrice. Mwana wa mfalme, Don Pedro, anakuja kupumzika hapo na vijana wake wawili: Claudio, aliyejipatia sifa vitani, na Benedick, ambaye sifa yake kubwa ni mdomo.

Sasa angalieni kitu kimoja kidogo ambacho wengi wanakiruka. Kabla Benedick hajafika, anafika mjumbe na barua. Mzee Leonato anauliza mambo ya maana, wangapi wamekufa, nani kafanya nini. Beatrice anakaa kimya. Anapofungua kinywa, swali lake la kwanza ni la Benedick. Anamwita kwa jina la kejeli, mjumbe hata hamwelewi, mpaka Hero amfafanulie. Halafu anaanza kumchambua mtu ambaye hata hajashuka kwenye farasi, kwamba hajui kupigana isipokuwa na sahani ya chakula, kwamba rafiki zake anawabadili kama fasheni ya kofia. Sawa dada, tumekusikia. Ila mtu usiyemtaka huwa humuulizii wa kwanza.

Benedick akifika, kinawaka. Na hapa ndipo mtu anayeijua mipasho ataona raha, maana ule si ugomvi wa kupayuka. Ni mchezo wenye kanuni. Mmoja anarusha neno, mwingine hatafuti neno jipya, analidaka lilelile, analigeuza ndani nje, analirudisha likiwa na ncha. Ili uweze kufanya hivyo inabidi umsikilize mwenzako kwa makini kupita kiasi. Hakuna mtu Messina nzima anayemsikiliza Beatrice kama Benedick anavyomsikiliza, na kinyume chake ni hivyohivyo. Wengine wanacheka tu na kusema, "hao wawili bwana!"

Walinganishe na wale wachumba rasmi. Claudio anamwona Hero, anampenda papo hapo, na swali analomuuliza Don Pedro ni kama mzee Leonato ana mtoto wa kiume. Yaani anapiga hesabu ya urithi kwa adabu. Hamtongozi mwenyewe. Don Pedro anajitolea kuwa mshenga, anavaa kinyago kwenye dansi na kumtongoza binti kwa niaba ya kijana wake. Siku posa inapokubaliwa, wachumba hawana la kuambiana, mpaka Beatrice awasukume: semeni basi kitu! Hawagombani hata mara moja hawa. Ni watamu kama picha ya kalenda. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Beatrice naye, katikati ya mizaha, anateleza na kutoboa siri. Anamwambia Don Pedro kwamba Benedick aliwahi kumkopesha moyo, naye akaulipa kwa riba, ila yule bwana alikuwa ameushinda kwa dadu za hila. Ni mistari michache mno, na Shakespeare harudi tena hapo. Lakini inatosha. Kumbe kulikuwa na kitu, kikavunjika, na aliyeumia anaonekana ni huyu dada anayejifanya hajali. Ule ulimi ni ukuta. Amejenga ili asivamiwe mara ya pili.

Basi kwenye dansi hiyohiyo ya vinyago, Benedick anamsogelea Beatrice akidhani hajatambulika. Beatrice (na mimi nimo katika wanaoamini kwamba alimtambua vizuri sana) anamwambia huyo "mgeni" kwamba Benedick ni mchekeshaji wa mwana wa mfalme tu, kazi yake kusema uongo ili wakubwa wacheke. Jamaa anaondoka pale kachomeka. Anakwenda kulalamika kwa Don Pedro, anaomba atumwe hata mwisho wa dunia kwa safari yoyote ya kijinga mradi asikutane na huyo mwanamke. Vichekesho vitupu. Ila jiulizeni kwa nini kauma hivyo. Matusi ya uongo hayamkoseshi mtu usingizi. Beatrice amegusa hofu yenyewe ya Benedick, kwamba huenda kweli yeye si kitu ila burudani ya wakubwa.

Inakuja njama sasa. Marafiki wanakubaliana kuwaoza hawa wawili kwa hila. Benedick akiwa amejificha bustanini, Don Pedro na wenzake wanaongea kwa sauti makusudi: Beatrice anakufa kwa mapenzi, halali, analia, ila hathubutu kusema kwa kuwa Benedick ana kiburi, atamcheka. Kesho yake Hero na mhudumu wake wanamfanyia Beatrice vivyo hivyo. Wote wawili wananasa.

Watu husimulia kipande hiki kana kwamba dawa ilikuwa kusikia "unapendwa." Mimi naona dawa ilikuwa nusu ya pili. Wote wawili wamejificha na kusikia tabia zao zikisemwa na watu wanaowapenda. Benedick anatoka pale akisema ana heri mtu anayesikia kasoro zake akaweza kuzirekebisha. Beatrice, mwanamke ambaye hajawahi kukosa jibu tangu mchezo uanze, amepewa mistari kumi tu peke yake jukwaani, na kitu cha kwanza anachofanya ni kukiaga kiburi chake. Hamkemei Hero wala hajitetei. Ngapi kati yetu tungesikia tunasemwa hivyo tukaondoka kimya kwenda kujirekebisha? Tungekwenda kuomba maelezo kwanza, "nani kasema?"

Halafu kuna utani ndani ya jina lenyewe la tamthilia. Wataalamu wa Kiingereza cha zama zile wanasema neno la "si kitu" na neno la "kutazama na kunasa maneno" yalitamkwa karibu sawa. Kwa hiyo ni kelele nyingi juu ya si kitu, na pia ni kelele nyingi juu ya maneno ya kunasa. Mchezo mzima watu wanasikiliza nyuma ya kuta. Uongo mmoja unawaunganisha wawili, uongo mwingine unakuja kuvunja wawili. Huo wa pili ni wa Don John, ndugu wa nje ya ndoa wa mwana wa mfalme, mtu mwenye kinyongo na dunia. Kijana wake anasimama usiku chini ya dirisha na mwanamke mwingine, Claudio na Don Pedro wanaletwa waone kwa mbali, wanaambiwa huyo ni Hero. Wanaamini. Wanaokuja kuikamata ile hila ni askari wa doria wa Dogberry, jamaa mmoja mwenye Kiingereza cha kuungaunga, sungusungu kabisa, nao wanaigundua kwa bahati tu. Hapo pana kicheko kingi lakini leo tusikae.

Twendeni kanisani, maana moyo wa mchezo uko pale.

Siku ya harusi, mbele ya padri, mbele ya watu wote, Claudio anamkataa Hero. Na hamkatai tu, anamrudisha kwa baba yake kama tunda bovu, kwa maneno ya kumdhalilisha. Don Pedro anamuunga mkono. Hero anazimia. Baba yake mzazi, yule mzee mpole wa mwanzo, anasema bora binti yake afe. Huyo ndiye mchumba mtamu wa kalenda. Hajawahi kumtupia Hero neno moja la kejeli, na siku moja ya uvumi imetosha kummaliza.

Wanaume wanageuka na kutoka. Claudio anatoka, Don Pedro anatoka. Benedick ni mtu wao. Amekuja nao, amepigana nao, anakula kwao, na kwa kanuni zote za kijeshi na za kirafiki alitakiwa kutoka nao. Anabaki. Padri anashauri itangazwe kwamba Hero amekufa mpaka ukweli ujulikane. Wote wanaondoka, wanabaki wawili, yeye na Beatrice anayelia. Na yule mwenye mdomo, kwa mara ya kwanza, anauliza swali lisilo na ncha: je, umekuwa ukilia muda wote huu?

Hapo ndipo wanaambiana kwamba wanapendana. Kanisani palepale, harusi ya watu imesambaratika. Benedick kwa furaha anamwambia aombe chochote, atafanya. Beatrice anaomba maneno mawili ya Kiingereza: amuue Claudio.

Waliokwisha kuiona jukwaani wanajua kinachotokea. Nusu ya ukumbi inacheka kwa mazoea, maana hawa ndio wachekeshaji wetu. Kisha kicheko kinakatika njiani. Hatanii. Benedick anakataa. Beatrice anataka kuondoka, anashikwa, na sasa ulimi uleule uliokuwa ukitupa burudani unatoa hasira ya kweli: laiti angekuwa mwanamume! Benedick anajaribu kumkatiza mara kadhaa, hapati nafasi. Mwishoni anauliza swali moja tu. Je, ndani ya nafsi yako unaamini kwamba Claudio amemdhulumu Hero? Anajibiwa ndiyo, kama ambavyo ana uhakika kwamba ana nafsi. Basi. Jamaa anakwenda kumpa Claudio changamoto ya kupigana.

Mimi nikiwa mwandishi wa habari ningemwambia Benedick hapo hapana ushahidi, hapana chanzo cha pili, habari haiendi. Yeye hakuwa na chanzo cha pili. Alikuwa na mwanamke ambaye amebishana naye kwa miaka, ambaye anajua akili yake inavyofanya kazi, anajua anapotania na asipotania. Alimwamini neno lake dhidi ya neno la bosi wake na la rafiki yake. Ukiniuliza mimi ule ugomvi wote wa mwanzo ulikuwa wa nini, nitakwambia ulikuwa wa hapa. Walikuwa wanajuana.

Na watazamaji wa zamani walilielewa hilo. Kwenye karatasi, hadithi kuu ni ya Claudio na Hero, hawa wawili ni wa pembeni. Lakini Leonard Digges, katika shairi lililochapwa mwaka 1640, alishuhudia kwamba Beatrice na Benedick wakionekana tu jukwaani, ukumbi hujaa kila kona. Mfalme Charles wa Kwanza alikuwa na nakala yake ya kitabu cha tamthilia za Shakespeare, chapa ya 1632, na pembeni ya jina la mchezo akaandika kwa mkono wake majina ya wawili hao, kana kwamba anasahihisha kichwa cha habari. Mhariri mzuri yule, ingawa mwishowe walimkata kichwa.

Sasa wale wa "wanagombana kwa kuwa wanapendana" watasema, unaona? Umethibitisha. Hapana, subirini. Shakespeare huyohuyo aliandika mchezo mwingine miaka michache kabla, The Taming of the Shrew, na huo ndio unaochanganywa na huu kila siku.

Kate wa Padua naye ana ulimi. Petruchio naye ana ulimi. Kukutana kwao mara ya kwanza ni mapigano mazuri ya maneno, na kama mchezo ungeishia pale ningewaweka kapu moja na wale wa Messina. Lakini tazama kinachofuata. Wakishaoana, Petruchio anamchukua mpaka nyumbani kwake na kumnyima chakula. Kinaletwa, anakitupa, eti kimeungua. Anamnyima usingizi. Nguo mpya inaletwa, anaiharibu. Yote kwa jina la mapenzi, eti hataki mke wake ale kitu kibovu. Njiani anamlazimisha aliite jua mwezi, na akishaliita mwezi anambadilishia. Mwisho Kate anasimama na kutoa hotuba ya zaidi ya mistari 40 juu ya utii wa wake kwa waume.

Wapo wasomi wanaotetea kwamba yote ni dhihaka, kwamba mchezo mzima unaonyeshwa kwa mlevi mmoja aliyedanganywa kuwa ni bwana mkubwa, kwa hiyo ni ndoto ya mlevi. Inawezekana. Ila hapo hakuna ugomvi tena jamani. Ugomvi ni watu wawili. Mmoja akishashika ufunguo wa chakula, mwingine anachofanya si kujibu mapigo, ni kutafuta namna ya kuishi mpaka kesho.

Na msidhani watu wa zama hizo hawakuliona. Karibu mwaka 1611 John Fletcher aliandika mwendelezo, ambamo Kate amekwisha kufa na Petruchio anaoa mke wa pili, Maria, ambaye anajifungia ndani siku ya harusi na kumnyoosha mume mpaka akome. Mwaka 1633 michezo yote miwili ilionyeshwa mbele ya mfalme ndani ya siku chache. Ofisa aliyesimamia burudani za ikulu aliandika kwamba ule wa Shakespeare ulipendwa, na ule wa Fletcher ulipendwa sana.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi, na ndio unaonisumbua. Noël Coward, mwaka 1930, Private Lives. Elyot na Amanda walioana, wakaachana, imepita miaka mitano. Kila mmoja ameoa na kuolewa upya na yuko fungate, na wanajikuta katika hoteli moja kule Ufaransa, vyumba jirani, baraza zimepakana. Usiku uleule wanawatoroka wenzi wao wapya na kukimbilia Paris.

Hawa ni sawa kwa sawa kabisa. Wote wana akili, wote wana pesa, wote wana ulimi. Mpaka wamejiwekea kanuni: ugomvi ukianza kupanda, mmoja anatamka neno la siri na wote wanakaa kimya dakika mbili. Mnaona, wamesoma hawa. Na bado mwisho wa sehemu ya pili wanapigana kweli, sahani ya santuri inavunjwa kichwani, wanagaagaa sakafuni, na ndipo wale walioachwa hotelini wanaingia mlangoni. Coward ameandika kwa ustadi, unacheka huku unajisikia vibaya. Kuna maneno ya Elyot kuhusu kuwapiga wanawake ambayo mwaka 1930 yalichekesha, na leo mwigizaji hajui aweke wapi macho yake.

Hapa sina jibu jepesi kama la Kate. Elyot na Amanda wanapendana, sina shaka. Tofauti ninayoiona kati yao na wale wa Messina ni kwamba hawana Hero. Hawana mtu wa tatu ambaye shida yake ingewatoa katika kuvutiwa na ugomvi wao wenyewe. Chumba kizima ni wao wawili na santuri. Ulimi wa Beatrice ulipata kazi ya kufanya. Wa Amanda haukupata.

Na kuna kisa cha kweli hapa. Mwaka 1967 Elizabeth Taylor na Richard Burton, wakiwa mke na mume, waliigiza Kate na Petruchio kwenye filamu. Waliachana 1974, wakaoana tena 1975, wakaachana tena 1976. Mwaka 1983, wakiwa watalaka mara mbili, wakapanda jukwaa la Broadway kuigiza Private Lives, na watu wakanunua tiketi kwenda kuangalia watalaka wakigombana. Katikati ya msimu huo Burton akaenda zake kuoa mke mwingine. Hao wawili walipitia tamthilia mbili kati ya tatu ninazozisema. Ile ya Messina sikumbuki kama waliigusa.

Kwa upande wetu, kinachofanana na Beatrice na Benedick hakiko kwenye baa. Kiko kwenye utani. Katika makabila yetu mengi binamu ni watani, na katika baadhi yake haohao ndio wanaoweza kuoana. Mtani anakutukana mbele ya wakwe, anachukua kuku wako, anakuita majina, na wewe huruhusiwi kununa. Lakini utani una mpaka, na kila mtani anaujua. Tena mtani ana wajibu. Msibani, wewe ukiwa huna nguvu, mtani ndiye anayehangaika, anaweza hata kulala kaburini akadai alipwe kwanza, watu wacheke katikati ya kilio, na kazi zote ngumu anazifanya yeye. Kila nikisoma ile sehemu ya kanisani, Hero ametangazwa marehemu na Benedick kabaki wakati wenye heshima zao wametoka, naona mtani kabaki msibani.

Kile cha baa ni kitu kingine, na kwenye kazi yetu kina jina lake: "wivu wa mapenzi." Mnalijua. Amchoma kisu mkewe, kisa wivu wa mapenzi. Amwagia mpenzi wake maji ya moto, kisa wivu wa mapenzi. Tunaliandika usingizini. Niliwahi kupeleka habari ya mume aliyemuua mkewe, nikaandika hivyohivyo kwamba mume amemuua mkewe, na kesho yake nikaikuta gazetini ina mapenzi kwenye kichwa. Nilipouliza nikajibiwa kwamba bila hilo neno habari haina utamu.

Utamu! Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Ina zaidi ya nusu karne hiyo sheria. Na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba wanawake 40 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Hao wote hawakuwa kwenye mchezo wa maneno. Wengi wao, siku ya kwanza ya kelele, jirani alikuwa ameinuka kuamua, na akatokea mtu akasema waache hao.

Sasa kama unataka kujua uliopo ni ugomvi wa Messina au wa Padua, mimi naangalia mambo ya kawaida kabisa. Nani ameshika pesa ya chakula? Mmoja akisema "basi, hapo umevuka," mwingine anasimama au anaongeza? Wakiwa kwenye watu, anayechekwa ni yuleyule kila siku, au zamu zinabadilika? Na siku mmoja akija na jambo zito, lisilo na ushahidi, mwenzake anamwamini au anamkumbusha kwamba yeye ni mropokaji tu? Hilo la mwisho linawaumbua wengi.

Nimalizie na jambo moja kwa ndugu zetu wa jukwaani. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar na The Merchant of Venice, na natamani angetuachia na hii ya Messina. Wakenya mwaka 2012 walipeleka The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili mpaka ukumbi wa Globe kule London, wakaiita Wanawake wa Heri wa Winsa, kwa hiyo msiniambie vichekesho hivi havibebeki kwa lugha yetu. Lugha yenye mipasho na kanga ishindwe na Beatrice?

Atakayeichukua kazi hiyo aangalie ukurasa wa mwisho. Beatrice na Benedick wanataka kukanusha tena kwamba wanapendana, zinatolewa barua za mashairi walizoandikiana kwa siri, wanaumbuka, na bado wanaendelea kubishana. Hapo mtu anasema atamziba Beatrice mdomo, na busu linafuata. Matoleo mengi mnayoyakuta madukani yanampa Benedick maneno hayo. Lakini katika chapa ya 1600 aliyeandikiwa kuyasema ni mzee Leonato, mlezi wa Beatrice, yuleyule aliyetaka binti yake afe kanisani, na waliomhamishia Benedick ni wahariri wa karne ya 18. Baada ya hapo mchezo unaendelea kidogo, kuna mizaha, kuna muziki, kuna dansi, Benedick anaongea sana, na Beatrice haongei tena hata neno moja. Kwa hiyo mwongozaji, kabla hujamwambia mwigizaji wako ambusu mwenzake, amua kwanza ni nani kamziba mdomo, na huyo dada anafanya nini na uso wake mpaka taa zizimwe.